Kantangaze hamalizwi kwa bomba peke yake

Mkuu, umesema nyanya zako zimevamiwa na kantangaze, yule kipepeo mdogo ambaye kiwavi wake hula majani na kutoboa matunda, umepiga dawa mara nne ndani ya wiki mbili, umefika hadi kuchanganya dawa mbili kwenye bomba moja, na majani bado yanababuka. Pole sana. Mwaka 2017 nilikuwa na nusu eka ya nyanya pale Ilula, Iringa, nikaambulia matenga tisa, tena mabovu mabovu. Najua unavyolala.

Kwanza hakikisha ni yeye. Chuma jani lenye baka, liinue usawa wa jua. Kama ni kantangaze, utaona ngozi ya juu na ya chini zimebaki kama nailoni, katikati kiwavi mdogo anajikunjakunja, na kinyesi cheusi pembeni yake. Ukiona kimstari chembamba kilichopindapinda, huyo ni mdudu mwingine. Kwenye tunda anaacha kitundu cha sindano, mara nyingi karibu na kikonyo.

Sasa fikiria: mdudu yuko ndani ya jani, dawa inayoua kwa kumgusa tu inamfikiaje? Halafu alipoingia Tanzania mwaka 2014 alishazizoea dawa nyingi za jamii ya pairethroidi huko alikopita. Muuza pembejeo aliniambia niongeze kipimo. Nikaongeza. Nyuki wakapotea shambani, kantangaze akabaki.

Kilichoniokoa ni kusafisha masalia. Nyanya zilizotobolewa nilikuwa nazitupa ukingoni, karibu na mfereji. Siku moja jioni nikapita pale nikitikisa majani, vipepeo vidogo vya kijivu vikaruka kutoka kwenye lile rundo na kuelekea shambani kwangu. Niliishiwa nguvu. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, na kukiwa na joto kizazi kinakamilika ndani ya mwezi. Kumbe nilikuwa nawafuga! Tangu hapo kila tunda bovu na kila jani lenye baka linaingia kwenye mfuko wa plastiki, naufunga, naanika juani siku kadhaa, ndipo nachimba shimo refu nafukia. Ukimaliza kuvuna, ng'oa mashina wiki hiyo hiyo. Mnavu unaoota pembezoni nao ung'oe, anaishi humo akisubiri msimu wako.

Mtego wa harufu ya jike juu ya beseni la maji ya sabuni unasaidia, ila unakamata madume tu. Mimi nauweka tangu siku ya kupandikiza ili unishtue: idadi ikipanda ghafla, naanza kukagua majani shina kwa shina.

Dawa napiga jioni, maana vipepeo hutembea machweo, na nozeli naielekeza chini ya majani. Natumia zinazopenya kwenye jani, kama abamektini au emamektini. Hizo mbili ni kundi moja, yaani zinamuua mdudu kwa njia ile ile, kwa hiyo kubadili moja kwa nyingine si kubadili dawa. Kizazi kinachofuata nahamia kundi lingine kabisa, mfano spinosadi. Soma lebo, namba ya kundi mara nyingi imeandikwa. Na siku za kusubiri kabla ya kuchuma uziheshimu, wanaokula ni watoto wa watu.

Msimu ujao hapo weka mahindi au vitunguu, usirudie nyanya wala bilinganya. Kwa sasa acha kuchanganya dawa. Kesho asubuhi ingia na mfuko, anza na majani ya chini, kisha tuambie umejaza mingapi na lebo za dawa ulizotumia zinasemaje.