Kanisa la magogo la Petäjävesi: ni kweli halina msumari?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma Jyväskylä, Finland. Kiangazi kilichopita tulipelekwa kuona kanisa la kale la Kilutheri la Petäjävesi, kilomita 35 hivi kutoka hapa. Mwenzangu alisema lote ni magogo, halina msumari hata mmoja, ndiyo maana limedumu miaka zaidi ya 250. Mtaa wetu huko Mufindi, Tanzania, unataka kujenga kanisa dogo, na misonobari tunayo tele. Tunaweza kuiga? Na mbona lile halijaoza?

JIBU: Marahaba. Nianze na huo msumari, maana hadithi yake naisikia kila ninapotajiwa jengo la kale la mbao. Vigae vya mbao havikai juu ya paa bila misumari, na mlango hauning'inii kwa imani. Lililo kweli ni kwamba kuta zake hazikuhitaji msumari, na hapo ndipo penye ufundi.

Ulipokuwa pale, sijui kama ulisimama kwenye kona ukatazama magogo yanavyopishana. Kila gogo limechongwa ubapa pande mbili, na karibu na ncha limekatwa pengo ili la juu yake lilalie humo na kulikumbatia. Tumboni, kwa urefu wote, limechimbwa mfereji mwembamba unaokalia mgongo wa gogo la chini. Katikati hushindiliwa kuvumwani kikavu, ule uoto laini unaotambaa juu ya mawe yenye unyevu, ili kuziba upepo. Uzito wa ukuta ndio unaobana kila kitu. Kadiri magogo yanavyokauka, ukuta unashuka, sentimita kadhaa kwa kila mita ya kimo katika miaka ya mwanzo. Kwa hiyo fundi anayejua kazi huacha nafasi juu ya fremu ya dirisha. Asipoiacha, kioo kitapasuka au ukuta utaning'inia juu ya fremu.

Sasa umbo. Fundi Jaakko Klemetinpoika Leppänen alilijenga kati ya 1763 na 1765, wakati Finland ingali chini ya Sweden, kwa ramani ya msalaba wenye mikono inayokaribia kulingana. Mhubiri atakwambia msalaba ni ishara, naye hakosei. Mimi naona pia urefu wa gogo. Mti ulionyooka una mwisho wake, na ukuta mrefu wa magogo usio na kona hupinda tumbo. Ukilikunja jengo kuwa msalaba unapata kona 12, na kila kona ni nguzo. Juu ya makutano kuna kuba la pembe nane, na zile boriti ulizoziona zikikatiza hewani chini ya dari si pambo, zinazuia kuta zisisukumwe nje. Mnara wa kengele uliongezwa mwaka 1821 na mjukuu wa Jaakko, Erkki Leppänen.

Kuhusu kuoza: kuvu huhitaji unyevu na joto vikutane. Misonobari ya kule hukua taratibu mno, kiini chake kimejaa utomvu, na baridi huwasimamisha kuvu miezi mingi kwa mwaka. Halafu kuna bahati moja. Mwaka 1879 usharika ulipata kanisa jipya, hili likaachwa. Hakuna aliyeliwekea majiko wala kupaka mbao rangi ndani. Kanisa lenye joto katikati ya theluji hujaa mvuke wa pumzi za watu, mvuke ukagusa sehemu baridi za ukuta na kugeuka maji. Petäjävesi halikupashwa joto, likabaki kavu. Ukarabati ulianza miaka ya 1920, na mwaka 1994 UNESCO ikaliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kutelekezwa kulilifaa kuliko matunzo mengi ninayoyajua. Ila moto hauna huruma: kanisa la mbao la Ylivieska, la mwaka 1786, liliteketea mwaka 2016.

Mufindi ni habari nyingine. Finland haina mchwa, ninyi mnao. Na paini ya shambani inavunwa haijafika hata miaka 30, imenenepa upesi, sehemu kubwa ni nyama nyeupe laini iliyozunguka kiini, na hiyo ndiyo chakula cha mchwa. Mkiiga kuta za magogo mabichi mtailaumu Finland bure. Jengeni fremu ya mbao zilizotiwa dawa kwa mgandamizo kiwandani, si za kupakwa oili chafu uani. Msingi wa mawe uinuke nusu mita juu ya ardhi, na juu yake mlaze bati la kuzuia mchwa kabla ya boriti ya kwanza. Paa lizidi ukuta kwa sentimita 80 hivi, mvua isiguse mbao. Umbo la msalaba mnaweza kulichukua, ila kumbukeni lina mabonde manne ya paa, yaani pale miteremko miwili ya paa inapokutana na maji kukusanyika, na bonde likifungwa vibaya ndipo panapovuja kwanza.

Ukirudi Petäjävesi, acha kuba kidogo. Zunguka nje, chutama, upige picha pale gogo la chini kabisa linapokalia mawe, kisha umtumie fundi wenu.