Madoa ya Zambarau: Ni GMO au ni Kayongo?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Yala. Mbegu yangu ya mahindi ni ya kienyeji, nilipewa na mama mkwe, ya dukani sijawahi kununua. Msimu huu nimevuna mahindi kadhaa yenye punje nyeupe zilizotapakaa madoa ya zambarau. Jirani anasema ni GMO, yale mahindi yaliyobadilishwa jeni maabarani, imeingia kisirisiri. Mwingine anasema ni kayongo (Striga), lile gugu linalofyonza mizizi ya mahindi, limeyaingilia, maana shamba langu limejaa gugu hilo. Nipike au nitupe? – Nyar Alego

JIBU: Nyar Alego, kabla hujateleka sufuria, kaa mlangoni penye mwanga ukalitazame hindi moja. Doa likiwa ungaunga wa kijani au kijivu, hiyo ni kuvu. Usile, wala usiwape kuku. Punje nzima ikiwa ya zambarau katikati ya nyeupe, ni chavua imepeperuka kutoka shamba jingine, pengine la jirani huyohuyo mwenye maneno. Lakini wewe unasema rangi mbili ziko ndani ya punje moja, na hapo ndipo penye uhondo. Loweka punje usiku kucha, kisha limenye ganda. Utakuta ganda halina rangi. Doa limo katika tabaka jembamba la chini yake.

Punje hiyo ina jeni ya rangi, ila kipande cha DNA (uzi unaobeba jeni) kilijipachika katikati yake kikaizima. Punje inapokua, katika seli moja kipande hicho huchomoka kikahamia kwingine. Jeni huamka, na seli zote zinazozaliwa na hiyo moja hutoka na rangi. Kikichomoka mapema, doa ni kubwa. Kikichelewa, ni kijidoa tu. Mwanasayansi wa jeni Barbara McClintock aliligundua jambo hili miaka ya 1940 kwa mahindi aliyoyapanda mwenyewe Cold Spring Harbor, New York. Wenzake wengi walimpuuza. Tuzo ya Nobel ilimfikia 1983, akiwa na miaka 81!

Zaidi ya asilimia 80 ya DNA ya mahindi imetokana na vipande vya namna hii. Katika miili yetu ni karibu nusu. Kwa hiyo pika, ule.

Kuhusu GMO, haitambuliki kwa rangi: jeni ya Bt, itokayo kwa bakteria, inayowekwa kupambana na bungua haipaki punje madoa. Na jirani akiogopa jeni za kigeni, asiguse viazi vitamu. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba viazi vitamu tunavyolima vina jeni za Agrobacterium, bakteria wa udongoni, zilizoingia zenyewe kabla maabara hazijakuwako.

Kayongo nalo tunalisingizia. Ushahidi uliopo unalionyesha likiwa mwizi: mwaka 2010 ilitangazwa katika jarida la Science kwamba limebeba jeni iliyotoka kwa mmea wa jamii ya mtama. Gugu linalofyonza mizizi ya mwenziwe mchana na usiku, ajabu gani likiondoka na zaidi ya maji?

Punje zako zipande ukipenda, ila usitarajie madoa yaleyale. Kayongo ling'oe kabla halijatoa maua, na kati ya mistari panda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde. Mizizi yake huichochea mbegu ya kayongo iote, kisha huizuia isishike mzizi wa hindi, ikafa. Majani yake wape ng'ombe.