Unga wa Ugali Ujerumani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma mjini Hamburg. Unga wa mahindi ninaoupata hapa haunipi ugali kama wa nyumbani: mmoja hubaki na chenga, mwingine hunata na kuwa na ladha ngeni. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, pole. Kosa haliko mkononi mwako bali katika unga. Ule wa manjano uitwao polenta husagwa kwa chenga kwa ajili ya chakula cha Kiitalia. Ule mweupe wa chapa ya P.A.N., ambao Wavenezuela huutumia kwa arepa, yaani mikate yao ya mahindi, hutokana na mahindi yaliyokwisha kupikwa kabla ya kusagwa, ndiyo maana hunywa maji upesi na kunata. Na unga wa Wameksiko uitwao masa harina hutoka katika mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, jambo linalobadilisha ladha yake kabisa.

Nenda katika maduka ya Waafrika, na usome mfuko kabla ya kulipa: unahitaji unga mweupe, laini, wa mahindi yasiyopikwa. Ukiukosa, chukua polenta isiyo ya kuiva haraka, uisage tena katika mashine ya kahawa kidogo kidogo, kisha uichekeche. Rangi itabaki ya manjano, lakini sima itashikana. Jiko la umeme la sahani za chuma huchelewa kupoa, kwa hiyo punguza moto mapema kabla ya kusonga.

Kuhusu mboga, ambayo hukuiuliza lakini bila shaka unaihitaji, nunua Grünkohl wakati wa baridi; ni jamii moja na sukuma wiki. Majani yake ni magumu zaidi, basi yakate membamba sana na uyaache jikoni muda mrefu kidogo pamoja na kitunguu na nyanya.