Maswali na Majibu: Kompyuta ni Yangu, Mbona Inanikatalia?

Karibu barua zote za safari hii zinahusu lile dirisha jeusi la kuandikia amri, cmd, na yale maneno "Run as administrator", yaani kuendesha programu kwa mamlaka ya msimamizi. Nimechagua saba. Zilizofanana nimeziunganisha.

Nina duka la steshenari Sinza. Printa iligoma, kazi za wateja zikajazana kwenye foleni hazitoki wala hazifutiki. Jamaa akanitumia amri, net stop spooler. Naiandika, naambiwa "Access is denied". Kompyuta nimeinunua kwa hela yangu na akaunti ni moja tu, yangu. Nani ananikatalia?

Windows yenyewe, kaka, na ina sababu. Tangu toleo la Windows Vista lilipoingia sokoni mwaka 2007, mwenye akaunti ya msimamizi akiingia kwenye kompyuta hupewa vitambulisho viwili kwa mpigo: kimoja cha mtumiaji wa kawaida, kingine chenye mamlaka kamili. Kila unachofungua, iwe Word, kivinjari au hiyo cmd, kinatembea na kile cha kawaida. Kile kikubwa hakitoki mpaka ukiombe, na ndipo skrini inafifia na kuuliza Yes au No. Wanaoikumbuka Windows XP, iliyotangulia Vista, wanajua kwa nini ilibidi iwe hivi. Wakati ule wengi tulishinda na mamlaka kamili kutwa nzima, na flashi moja iliyotoka kwa mteja ilitosha kuharibu mashine zote za duka.

Kwa hiyo ifungue hivi: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, halafu usipige Enter tupu. Shikilia Ctrl na Shift, ndipo upige Enter. Au bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Run as administrator". Kubali kwa Yes, kisha tazama juu kabisa ya dirisha: lazima uone neno "Administrator" limetangulia. Lisipokuwepo, bado uko kule kule.

Na kwa kuwa jamaa yako alikupa theluthi tu ya dawa, hii hapa yote. Kwanza net stop spooler, inayosimamisha huduma ya kuchapa. Pili del /q C:\Windows\System32\spool\PRINTERS\*.* inayofuta kazi zilizokwama. Tatu net start spooler, kuirudisha huduma. Amri ya pili iandike kwa utulivu, herufi kwa herufi, maana hapo unafuta vitu ndani ya folda za mfumo na hakuna kapu la taka la kuvirudisha. Kazi za wateja zilizokuwa kwenye foleni zitapotea, itabidi uzitume upya. Ukimaliza, funga dirisha. Usiliache wazi nyuma ya Word siku nzima.

Mimi ni mwanafunzi, naishi Kigamboni. Tovuti moja ya kupakua vitabu ilinitaka nithibitishe kwamba mimi si roboti: nibonyeze Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Nikafanya. Dirisha likafunguka na kufunga haraka. Halikuniuliza Yes wala No, kwa hiyo niko salama, siyo?

Hapana, mdogo wangu, na naomba usisubiri hadi kesho.

Ulipobofya pale kwenye "mimi si roboti", ukurasa ulinakili amri kimya kimya kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako. Windows na R ilifungua kisanduku cha kuendeshea programu, Ctrl na V ikaibandika, Enter ikaiendesha. Umeiendesha wewe, kwa mikono yako. Mtindo huu ulienea sana mwaka 2024 na bado unaliza watu, na mara nyingi kinachoshushwa ni programu ya kuiba nywila.

Kutoulizwa Yes ndiko kunakowadanganya wengi. Swali lile linakuja pale programu inapotaka kugusa mfumo: kubadili huduma, kuandika ndani ya folda za Windows, kuingia kwenye akaunti za wengine. Nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari ni mali yako, zimo kwenye folda zako, na programu iliyoanzishwa na wewe inaweza kuzifikia bila mamlaka yoyote ya ziada.

Fanya haya leo. Zima intaneti kwenye hiyo laptopu. Chukua simu yako, au kompyuta ya mtu unayemwamini, ubadili nywila ya barua pepe kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu nyingine zote hurejeshwa kupitia hiyo. Humo humo kwenye mipangilio ya akaunti tafuta sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote, maana mwizi anaweza kuwa tayari yuko ndani bila kuhitaji nywila. Kisha za benki, mitandao ya kijamii na chuo. Ukirudi kwenye laptopu, ingia Windows Security, sehemu ya virusi, kwenye "Scan options" uchague uchunguzi wa Microsoft Defender Offline. Itajizima, ichunguze kabla Windows haijaamka, kisha iwake yenyewe. Kama ndani kuna mambo ya pesa, mimi ningehamisha kazi zangu na kupiga Windows upya. Ni usumbufu, najua.

Hakuna tovuti halali inayohitaji uandike amri kwenye kompyuta yako ili kujua wewe ni binadamu. Hata moja.

Nikifungua cmd kama administrator, faili langu la .bat, lile la amri zinazojiendesha zenyewe, halipatikani, na hata diski Z ya seva ya ofisi inapotea. Nikifungua kawaida, vyote vipo. Tabata.

Haya ni mambo mawili tofauti. La faili: dirisha la kawaida huanzia kwenye folda yako ya mtumiaji, lenye mamlaka huanzia C:\Windows\System32. Hama kwanza kwa cd /d D:\kazi, au popote faili lilipo; hiyo /d ndiyo inayokuruhusu kubadili diski. Na kama ni wewe uliyeandika hilo .bat, weka mstari wa kwanza cd /d "%~dp0" na litajipeleka lenyewe kwenye folda lilimo. Wanaoandika .bat ya kufuta faili bila mstari huo, kisha wanaiendesha kwa mamlaka kamili, mungu awasaidie.

La Z: diski za mtandao huungwa kwa kile kitambulisho cha kawaida, cha mamlaka hakizioni. Ziunge upya humo humo kwa net use, au tumia njia kamili ya seva badala ya herufi.

Fundi Kariakoo alinitoza kuendesha sfc na DISM, amri za kurekebisha Windows, akasema nirudi baada ya saa tatu. Naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Unaweza, dada, na hakuna siri. Fungua cmd kwa mamlaka, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza uandike sfc /scannow. Ya kwanza hutengeneza ghala la faili ambalo Windows hulitumia kujirekebisha, ya pili hulinganisha faili za mfumo na ghala hilo na kubadilisha zilizoharibika. Ukiendesha DISM bila mamlaka utapata kosa namba 740, usishangae.

Tahadhari ni mbili. DISM hushusha faili mtandaoni inapozihitaji, kwa hiyo bando dogo linaweza kukukatikia katikati. Na asilimia zake huganda sehemu moja kwa muda mrefu, ukadhani imekufa, iache. Betri iwe imejaa na chaja iwe ukutani, kwa sababu umeme wetu unaujua. Kuhusu yule fundi, muda wa mashine kufanya kazi si wizi. Ila kama tatizo lilikuwa diski inayokufa, amri hizi hazitaliponya, na hilo alipaswa kukueleza kabla ya kupokea hela.

Shikamoo, mwandishi. Nina intaneti kafe Mbagala, vijana wangu wanajua nywila ya administrator. Kila wiki nakuta programu mpya sizijui.

Marahaba. Andika net localgroup administrators uone ni akaunti zipi zina mamlaka, hapo ndipo mshtuko huanzia. Kisha tengeneza akaunti yako mpya ya msimamizi, ingia nayo, uhakikishe inafanya kazi. Ikishakubali ndipo uende Settings, Accounts, Other users, uzishushe za vijana ziwe "Standard User". Usigeuze mpangilio huo, maana ukishusha akaunti ya msimamizi iliyo peke yake utajifungia nje na kuanza kutafuta fundi. Wateja wapewe akaunti yao ya kawaida, wasitumie ya vijana.

Baada ya hapo kila programu inayotaka kugusa mfumo itaomba nywila yako. Watakupigia simu, wiki ya kwanza hasa. Vumilia, na tafadhali usiibandike chini ya kibodi.

Ile akaunti iliyojificha ya "Administrator" ambayo watu wanapenda kuiamsha kwa net user administrator /active:yes, iache ilale. Kwa kawaida hiyo haiulizwi Yes wala No kwa chochote, na jina lake kila mshambuliaji analijua.

Ofisini kwetu Posta kompyuta inaomba nywila ya admin nikitaka kuweka programu. Kuna njia ya kuirukia?

Zipo, na hapa huzipati. Hiyo mashine si yako wala yangu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila idhini. Waandikie watu wa TEHAMA jina la programu na kazi unayotaka kuifanyia. Wakikataa, una barua pepe ya kumwonyesha bosi kazi ikichelewa.

Nimehamia Ubuntu, mfumo wa Linux. Nikiandika sudo, amri ya kuomba mamlaka, inaomba nywila, lakini kibodi inagoma, hakuna kinachotokea. Ubungo.

Kibodi ni nzima. Kwa kawaida Linux haionyeshi hata nyota unapoandika nywila hapo, ili anayechungulia asijue hata urefu wake. Andika tu, piga Enter. Sudo ni ya zamani kuliko wengi wetu tunaosoma hapa, ilianzia Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, karibu mwaka 1980, na inafaa kuliko kushinda ndani ya akaunti ya root, ile yenye mamlaka yote, kwa sababu unapewa mamlaka kwa amri moja moja. Hata Windows 11 imeiga: tangu toleo la 24H2 lina sudo yake, ingawa huja imezimwa na lazima uiwashe kwenye Settings.

Ukiambiwa kwamba jina lako halimo kwenye faili la sudoers, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kutumia sudo, maana yake akaunti hiyo haikupewa mamlaka. Aliyeweka mfumo aingie kwa akaunti yake, aandike sudo usermod -aG sudo akimalizia na jina lako la mtumiaji, kisha wewe utoke na kuingia upya. Hiyo -a asiisahau, bila hiyo utaondolewa kwenye vikundi vingine vyote ulivyokuwemo.