Jibu: Je, dawa ya Madagaska ilionewa?

Ndugu, umeuliza kama vyombo vya habari vya nje viliidharau Covid-Organics, dawa ya mitishamba ya Madagaska iliyodaiwa kutibu korona, kwa sababu tu imetoka Afrika. Kwa sehemu, ndiyo. Aprili 2020 Rajoelina, aliyekuwa Rais wa Madagaska, alipoinywa hadharani, taarifa nyingi nilizosoma zilikomea kwa rais na chupa yake. Chache zilieleza kuwa artemisia, mmea uliomo humo, ndio uliotupa artemisinini ya kutibu malaria, ugunduzi uliompa Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Ila tusijidanganye: kutibu malaria si kutibu korona, na dawa ilisambazwa kabla ya majaribio ya kutosha. Kuhoji hilo kulikuwa halali. Kejeli ndiyo iliyozidi, na nadhani iliwasukuma wengi kuitetea dawa bila kuuliza lolote.