Tufunge mashine za chupa, tuanze kununua?

SWALI: Mama, shikamoo. Mimi ni meneja ununuzi wa kiwanda cha sabuni ya maji, Mbagala, Dar es Salaam. Tangu kiwanda kianze tunapuliza chupa zetu wenyewe, za lita 1 na madumu ya lita 5, kwa mashine mbili. Sasa mkurugenzi anataka tuzime mashine hizo tununue nje, ili chumba chake kiwekwe mtambo wa pili wa kujazia. Mhasibu anasema chupa yetu ya lita 1 inatugharimu Sh 310. Mgavi mmoja wa Kibaha ametupa bei ya Sh 265 bila VAT. Tunatumia chupa kama 4,000 za lita 1 kwa siku. Nimepewa miezi mitatu kukamilisha. Mafundi wanane wa idara ya chupa hawajaambiwa kitu. Na kati ya wagavi watatu walioleta bei, mmoja ni shemeji wa mkurugenzi. Nianzie wapi?
Meneja ununuzi, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia kwa mhasibu, kabla hujaenda Kibaha. Mwombe akuchambulie hiyo Sh 310. Umeniambatanishia karatasi yake, nimeisoma: plastiki na rangi 165, umeme 40, mishahara 38, vipuri na matengenezo 17, gharama za jumla 50. Sasa muulize swali moja tu: siku mashine zikizimwa, kipi kati ya hivi kitaacha kulipwa? Pango la kiwanda halipungui. Mlinzi halipwi nusu. Kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo, mtaendelea kuiwasha kwa sababu hata mtambo wa kujazia unakula upepo wake. Katika ile 50 ya gharama za jumla, mimi naona 8 tu inayoondoka kweli. Basi chupa yenu, kwa hesabu ya uamuzi huu, ni Sh 268.

Upande wa pili, bei ya Kibaha si 265 ikifika mlangoni kwenu. Chupa tupu ni upepo uliofungwa. Fuso la tani 7 linajaa pomoni wakati mzigo haujafika hata tani 1, na nauli ni ileile. Weka Sh 15 ya usafiri kwa chupa, weka Sh 4 za chupa mbovu mtakazozikataa, umefika 284. Mnaongeza Sh 16 kwa kila chupa, hamwokoi 45. VAT niiache pembeni kwa sababu mmesajiliwa na mtarudishiwa, ingawa fedha zitatoka mfukoni kwanza.

Simaanishi mkurugenzi amekosea. Kama mtambo wa pili wa kujazia utauza mzigo ambao leo mnaukataa, Sh 16 ni bei halali ya kupata chumba. Ila hapo ndipo ninapotaka usimame umwambie jambo ambalo naona hakuna aliyemwambia. Leo chupa inatoka chumba cha pili, inajazwa saa hiyohiyo. Ukinunua nje lazima uwe na akiba, na kwa barabara zetu na mvua zetu sikushauri chini ya wiki moja. Wiki ya siku sita ni chupa 24,000. Hata zikipangwa vizuri hazipungui mita za ujazo 35. Zitakaa wapi? Nimeona kiwanda kimoja kikiondoa mashine ili kipate nafasi, nafasi yote ikaliwa na viroba vya chupa tupu, mtambo mpya ukakaa uani umefunikwa turubai. Pima chumba kwa futi kamba kabla ya kikao. Na kwa sababu hiyohiyo ya kubeba na kuhifadhi upepo, madumu ya lita 5 yasiguswe kwa sasa. Endeleeni kuyapuliza kwa mashine moja, mtoe ile ya lita 1. Nusu ya chumba inaweza kuwatosha.

Sasa suala la chupa yenyewe, nalo ndilo linaloniogopesha. Sabuni ina tabia ya kuila HDPE, plastiki ngumu inayotengeneza chupa kama zenu, polepole pale ilipovutwa au kubanwa. Chupa iliyopulizwa kwa plastiki ya daraja lisilofaa haivuji siku ya kupokelewa. Inapasuka kona ya chini baada ya wiki kadhaa, ikiwa tayari iko duka la jumla Mbeya, na katoni zote za chini yake zimelowa. Mnunuzi atakulaumu wewe, hatamjua mgavi wa Kibaha. Nyinyi tatizo hili hamlijui kwa sababu kuna mtu hapo kwenu analizuia kila siku: fundi mkuu wa zamu, anayejua mfuko upi wa plastiki achanganye na mabaki ya kusaga kiasi gani, na ukuta wa chupa uwe mnene wapi. Nina hakika hayo hayajaandikwa popote.

Kwa hiyo kazi yako ya mwezi wa kwanza ni kukaa na huyo fundi na daftari. Aina ya plastiki na jina la daraja lake. Kiwango cha juu cha mabaki anachoruhusu. Uzito wa chupa tupu, tuseme gramu 50, na inaruhusiwa kupanda au kushuka kiasi gani. Unene wa ukuta kwenye kona. Kipenyo cha shingo na mwendo wa uzi wake, maana kifuniko kisipobana mtalaumu mashine ya kufungia bure. Chupa iliyojaa idondoshwe kutoka mita 1 bila kupasuka. Karatasi hiyo iwe sehemu ya mkataba, na sahihi ya mgavi iwe kila ukurasa.

Usidharau kipengele cha uzito. Mgavi akipunguza gramu 3 tu, kwenye chupa 100,000 amebakiza kilo 300 za plastiki yako, na jicho haliwezi kugundua. Mzani mdogo wa kidijitali pale mlango wa stoo unatosha. Kila mzigo chupa kadhaa zipimwe, na mzigo mwepesi urudi kwenye gari lililouleta.

Sampuli za wagavi wote zijazwe sabuni yenu wenyewe, si maji, zipangwe katoni juu ya katoni kwa kimo cha ghala, ziachwe chumba chenye joto. Anza wiki hii. Mitihani mingine unaweza kuifanya kwa siku moja, huu hauharakishwi, na ndio unaokula miezi yako mitatu.

Moldi, yaani kalibu za chuma zinazoipa chupa umbo, ni mali yenu, na mgavi atataka kuzitumia. Mpe, kama zinaingia kwenye mashine yake (mwulize fundi akazione, mara nyingi haziingii bila kurekebishwa). Lakini zichongwe jina la kampuni na namba, ziwe na hati ya makabidhiano, iandikwe kwamba hazipulizi chupa ya mtu mwingine na kwamba mkizihitaji zinarudi hata kama mna mgogoro wa malipo. Bila karatasi hiyo, siku mkikosana atakuwa ameshika kiwanda chenu.

Bei msiifunge mwaka mzima kama namba moja. Plastiki inaagizwa kwa dola, na mgavi aliyebanwa hatakuja kulia, atapunguza gramu. Ivunjeni: sehemu ya plastiki ipande na kushuka kila robo mwaka kwa ankara za waagizaji, sehemu ya kazi na umeme ibaki palepale mwaka mzima. Au njia ninayoipenda zaidi: endeleeni kununua plastiki nyinyi, kwa mwagizaji wenu mliyemzoea, mgavi alipwe kazi ya kupuliza tu. Hapo mnajua ni plastiki gani iko ndani ya chupa yenu.

Chukua wagavi wawili hata kama wa pili ni ghali kidogo. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin mjini Kariya, Japani, kiliungua. Karibu valvu zote ndogo za breki za magari ya Toyota zilitoka hapo, na ndani ya siku chache mistari ya Toyota nchini Japani ilisimama. Toyota ilikuwa na wagavi wengine wengi waliokimbilia kusaidia. Nyinyi mna wa Kibaha. Na ile mashine ya lita 1 msiiuze mapema. Ifunikwe, ipakwe mafuta, ikae hadi mpite msimu wenu mkubwa wa mauzo.

Mafundi wanane waambiwe sasa, na mkurugenzi mwenyewe. Wakijua kwa uvumi, wale wazuri wawili wataondoka kwanza na daftari lako litabaki tupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawadai mtoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi, mweleze sababu, mshauriane nao au na chama chao kuhusu njia za kuepuka, nani ataguswa, lini, na kwa malipo gani. Mkishindwana, suala linaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10, na anayelipwa kwa mwezi ana notisi isiyopungua siku 28. Kiasi hicho kiingie kwenye hesabu ya mhasibu, maana sikukiona. Mkiacha mashine ya madumu, watatu au wanne wana kazi. Fundi mkuu awe mkaguzi wako wa chupa, kwa mshahara uleule au zaidi, na awe na mamlaka ya kurudisha gari.

Shemeji asikunyime usingizi. Sampuli za wote watatu zibandikwe namba, majina abaki nayo mtunza stoo. Fundi apime, adondoshe, ajaze, aandike matokeo kwa namba. Bei zifunguliwe siku moja mbele ya mkurugenzi na mhasibu, baada ya matokeo kuwa mezani. Shemeji akishinda hivyo, mpe kazi, na gari lake lipite kwenye mzani kama la Kibaha.