Nawashukuru Walioziweka

Mhariri, swali lenu la wiki kwa wasomaji lilikuwa hili: mwaka huu umegundua wimbo gani ambao hukuwa ukiujua, na ulikufikiaje? Nimelipenda hasa kwa sehemu yake ya pili. Katika nyimbo nilizozirudia zaidi mwaka huu hakuna hata mmoja uliotoka mwaka huu. Zote ni za zamani, na kadhaa nusura zipotee. Zimenifikia kwa kuwa yupo mtu aliyehifadhi utepe, aliyenunua kaseti ya mwimbaji asiyemjua, au aliyeushika wimbo kwa kusikia akaja kuuimba tena uzeeni. Basi nitazitaja nyimbo pamoja na watu hao.

Nianze na Talkin' Like You wa Connie Converse, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1924. Ni sauti moja na gita moja, basi. Anasema kuna mahali kati ya milima miwili mirefu, watu wanapaita pa upweke, naye haoni kwa nini, maana kila akienda huko hauoni huo upweke. Halafu anaanza kutaja vilivyomzunguka: ndege aliyetua dirishani, kijito kinachopita karibu na mlango wa jiko, kinyama fulani juu ya mti. Kila kimoja kinasema kama alivyokuwa akisema yule aliyeondoka, na kile cha mtini kinagomba kama wao wawili walivyokuwa wakigombana. Gita linakwenda mbele bila kusita, kidole gumba kikishika besi na vingine vikichezea juu, na yeye anaimba kwa utulivu wa mtu anayetoa habari za nyumbani. Ukiusikia juujuu ni wimbo mchangamfu. Ukikaa nao ndipo unatambua kwamba mtu huyu yuko peke yake kabisa, na hao ndege na kijito ndio waliobaki wa kuzungumza naye. Hakuna ubeti wenye kilio. Sijui wimbo mwingine wa kuachwa ulioweza kujizuia namna hii.

Converse alitunga nyimbo zake New York katika miaka ya 1950, wakati mtunzi wa kujiimbia mwenyewe na gita lake alikuwa bado hajapata soko. Hakupata kutoa santuri. Aliyemrekodi ni Gene Deitch, mtengenezaji wa filamu za katuni, nyumbani kwake, mwaka 1954. Mwaka 1961 Converse aliihama New York akaenda Ann Arbor, Michigan. Agosti 1974 aliwaandikia ndugu na marafiki barua za kuaga, akapakia vitu vyake kwenye Volkswagen yake, akaondoka, na hadi leo hakuna ajuaye alikoishia. Deitch naye alikuwa amehamia Prague, maisha yakaendelea, lakini zile rekodi hakuziacha zipotee. Mwaka 2004 alialikwa kwenye kipindi cha redio New York apige rekodi zake za zamani, na mojawapo aliyoichagua ilikuwa ya Converse. Kijana mmoja aliyekuwa akisikiliza akashikwa nayo, akaanza kutafuta, na mwaka 2009 ikatoka albamu nzima, How Sad, How Lovely. Miaka hamsini na tano tangu kurekodiwa! Najiuliza Deitch alikuwa na mambo mangapi ya kufanya katika miaka hiyo, na bado alipopewa nafasi ya kusikilizisha watu kitu, akamkumbuka mwanamke aliyeimba zamani nyumbani kwake.

Obaa Sima wa Ata Kak, Mghana, una bahati ya namna hiyohiyo ingawa wenyewe ni wimbo wa kurukaruka. Kinanda cha umeme, ngoma za mashine, na Kitwi, lugha ya Ghana, kinachotolewa kwa kasi kiasi kwamba unashangaa anapumulia wapi. Kaseti yake ilitoka mwaka 1994 kwa nakala chache mno. Mwaka 2002 Mmarekani Brian Shimkovitz aliinunua moja Cape Coast, baadaye akaiweka kwenye intaneti, watu wakaipenda, kisha akamsaka mwenye wimbo kwa miaka hadi akampata. Albamu ikatolewa upya mwaka 2015, safari hii kwa makubaliano na mwenyewe. Kipande ninachokingoja kila mara ni pale anapoacha maneno na kuanza kuicheza sauti tupu, silabi juu ya silabi, kama anashindana na mashine yake ya ngoma. Anaishinda.

Kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, nilikuwa naijua kwa jina na picha. Mwaka huu nimeisikiliza kwelikweli, na mlango ulikuwa wimbo mmoja, Kaira, jinsi Toumani Diabaté, mpiga kora, na Ali Farka Touré, mpiga gita, wote wa Mali, walivyoupiga kwenye albamu yao ya mwaka 2005, In the Heart of the Moon. Walirekodi Bamako, ndani ya hoteli iliyo kando ya mto Niger, bila mazoezi ya kutajika, na karibu kila kitu kilichukuliwa kwa mara ya kwanza. Kora ina nyuzi ishirini na moja, na mpigaji anatumia vidole vinne tu: gumba mbili na vidole viwili vya shahada. Vile vitatu vilivyobaki kila mkono vinashikilia ala. Gumba zinabeba besi na mwendo wa wimbo, vidole vya shahada vinapamba juu. Nilipolijua hilo nikarudi kusikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, nikifuata gumba peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha nikarudia nikifuata shahada. Ukifanya hivyo utasikia pia anachofanya Ali Farka: gita lake linarudia duara dogo lilelile, halijitokezi, linamwachia mwenzake nafasi yote. Alikuwa mpigaji mkubwa aliyesifika duniani, na kwenye wimbo huu amekubali kuwa sakafu. Aliaga dunia Machi 2006, wiki chache baada ya albamu hiyo kupata Grammy.

Kaira haukuanza na hao. Ulisikika sana mikononi mwa baba yake Toumani, Sidiki Diabaté, enzi za ukoloni wa Kifaransa. Toumani aliipa jina hilohilo albamu yake ya kwanza ya kora peke yake, mwaka 1988. Baba naye alikuwa mmoja wa wapigaji waliorekodi Mali, mwaka 1970, albamu ya kora tupu bila mwimbaji, pamoja na Djelimadi Sissoko. Mwaka 1999 ikatoka albamu ya watoto wao, Toumani na Ballaké Sissoko, New Ancient Strings, kora mbili tu zikiitikiana, na ndani yake mna Kita Kaira. Nimewasikiliza wazee na watoto siku moja, mfululizo, na nashauri kila mpenzi wa muziki ajaribu. Wazee wanapiga kwa haraka na ukavu fulani, kila noti imekatwa. Watoto wamelegeza, wanaacha uzi uvume hadi uishe wenyewe. Wimbo ni ule ule na familia ni zile zile, lakini hakuna aliyemwiga mwenzake. Toumani alifariki Julai 2024, na nasikitika kwamba nimemfikia akiwa hayupo.

Sasa Kijiti. Huu ndio ulioninyima usingizi.

Ni wimbo wa Siti binti Saad wa Unguja, yule ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na ambaye mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Mimi nimeupata kwa sauti ya Bi Kidude, aliyezishika nyimbo za Siti tangu ujana wake kwa kuzisikiliza, akaziimba mpaka uzee wake mkubwa, na kufariki Aprili 2013. Sauti yake humo ni nzito na imekwaruza. Haipambi kitu, na kwa kisa kile sidhani sauti nyororo ingefaa.

Kisa chenyewe ni cha mauaji yaliyotokea kweli Unguja. Ubeti wa kwanza unawaita watu watazame alichofanya Kijiti: kumchukua mwanamke mgeni, kumpeleka maguguni, kumrejesha maiti. Tukio zima limekwisha kwa mistari mitatu. Angalia ulivyojengwa. Mizani ni nane kwa nane. Kina cha kati ni -ni: tunaitwa tutazame, tunatajiwa mgeni, tunapelekwa maguguni. Kina cha mwisho ni -ti, na hapo jina la Kijiti na maiti ya yule mwanamke vimefungwa pamoja, huwezi kulitaja moja sikio lako lisitegemee la pili. Mtunzi angeweza kumlaani muuaji kwa beti nzima. Badala yake kina kinamtia hatiani.

Kisha wimbo unaingia mahakamani. Kijiti alitoroka, na waliofungwa ni wanawake waliofika kutoa ushahidi. Hayo hayakuwa maneno ya kusemwa hadharani kirahisi katika Unguja ya sultani na Mwingereza, hasa na mwanamke wa asili ya chini kama Siti, aliyewahi kuuza vyungu. Aliyaimba, watu wakayashika kwa sababu vina vinashikika, na karibu karne moja baadaye bado tunajua hukumu ile ilikuwa dhuluma. Tunao mtindo wa kuyasifu mashairi ya zamani kwa lugha tamu tu. Kijiti ni shairi kamili kwa kanuni zote, na wakati huohuo ni shutuma dhidi ya mahakama. Yeyote anayedai nyimbo za Kiswahili za kale ni za mapenzi na mafumbo peke yake ausikilize huu.

Wa mwisho nitakaoueleza ni Clouds Moving on the Sky wa Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Alikuwa mtawa wa Ethiopia, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1923. Alisoma fidla Uswisi akiwa mtoto, akachukuliwa mateka na Waitalia pamoja na familia yake walipoivamia nchi, akaja kusomea muziki tena Kairo, kisha akaacha yote akaingia utawani. Wengi wanamjua kwa piano bila maneno, hasa tangu albamu yake ilipotolewa mwaka 2006 kwenye Éthiopiques, mfululizo wa albamu za muziki wa Ethiopia. Nami hiyo nilikuwa naifahamu. Nisichojua ni kwamba aliimba pia. Kati ya 1977 na 1985, nchi ikiwa chini ya Derg, utawala wa kijeshi, alijirekodi mwenyewe nyumbani kwa kinasa kaseti cha kawaida, akiimba kwa Kiamhari na kupiga piano, na kaseti hizo hazikutoka kwa umma hadi mwaka 2024, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Sauti ni ndogo, ya mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili. Piano haimfuati kwa mdundo. Inamtangulia, inasimama, inamngoja amalize neno, halafu inaanguka noti tano sita kwa pamoja na kutulia. Ukijaribu kuhesabu midundo utapotea. Niliacha kuhesabu nikafuata pumzi yake, na hapo kila kitu kikakaa mahali pake.

Je, programu za muziki hazikunipa kitu? Zimenipa Plastic Love wa Mariya Takeuchi, wimbo wa Kijapani wa mwaka 1984 ambao mapendekezo ya YouTube yamewafikishia mamilioni ya watu nje ya Japani. Ni wimbo mzuri, besi yake inatembea vizuri sana, na mume wake Tatsuro Yamashita aliutengeneza kwa mikono ya fundi hasa. Ila ulipokwisha programu ikaniletea nyingine kumi zinazofanana nao, na sikuukumbuka hata mmoja. Kufanana ndiko programu inakojua kutafuta. Haijui kwamba mtu akishampenda Toumani atataka kumsikia baba yake, wala kwamba aliyempenda Bi Kidude atataka kumfikia Siti. Njia hizo nimezipata kwa kusoma maandishi ya nyuma ya jalada: nani alipiga, nani alirekodi, wimbo ulikuwa wa nani kabla ya huyu.

Ndiyo maana nina ombi kwa mhariri. Mtakapochapisha orodha ya nyimbo zilizopendwa na wasomaji, msiishie kwenye jina la wimbo na mwimbaji. Andikeni mtunzi, wapigaji wa ala, mwaka na aliyerekodi, kila pale msomaji alipowatajia. Kwa orodha ya namna hiyo mtu mmoja anaweza kusikiliza mwaka mzima ujao.